Sijambo, Ila

Mama mkubwa alikuwa na vidole viwili vilivyouma kuliko bakora ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Alikuwa akishika kipande cha nyama ya ndani ya mkono wangu, karibu na kwapa, anakizungusha polepole, huku uso wake umetulia na macho yake yako kwa mgeni. Kosa langu lilikuwa moja siku zote. Nimeulizwa hujambo, nimejibu naumwa.

Alinilea tangu mama yangu, mdogo wake, alipofariki, nami sijajua hata kutambaa. Nyumba yetu ilikuwa Bagamoyo, ya udongo na makuti, na ndani yake tulikuwa watoto wawili: mimi, na mwanawe wa kumzaa aliyenizidi miezi minne. Kwa desturi yetu huyo ni ndugu yangu wala hakuna neno jingine, kwa hiyo nitamwita ndugu yangu mpaka mwisho wa habari hii.

Mama mkubwa aliishi kwa sheria moja. Ukiulizwa hujambo, jibu ni sijambo. Ukiulizwa habari, jibu ni njema. Kisha, kama una neno, unatua pumzi moja na kusema ila. Njema, ila baba amefariki. Sijambo, ila nyumba inaungua. Mtu anayeanza na shida yake, alisema, ni sawa na mtu anayeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. "Sijambo ni hodi," alituambia. "Shida iko nyuma ya mlango, haikimbii."

Ndugu yangu aliimeza sheria hiyo kama maziwa. Siku moja tulianguka pamoja kutoka juu ya mkorosho wa watu. Mimi nilichubuka goti, nikakimbia nyumbani nikilia njia nzima, nikaingia ukumbini nikipiga kelele kwamba nakufa. Kulikuwa na wageni, wanawake wanne wa mtaani na bibi mmoja wa Kiarabu mke wa mwenye duka. Nilipata kofi moja la kunyamazisha. Ndugu yangu akaja nyuma yangu, anatembea, uso umempauka. Akawapa shikamoo wageni wote, mmoja mmoja, akangoja marahaba zao zote. Mama yake akamwuliza, "Hujambo, mwanangu?" Akajibu, "Sijambo, mama. Ila mkono umevunjika." Ulikuwa umevunjika kweli, mfupa umeinua ngozi. Yule bibi wa Kiarabu alitoa machozi, na si kwa sababu ya mkono. Mama mkubwa aliisimulia habari hiyo miaka ishirini, arusini na matangani, na kila alipoisimulia alimalizia kwa kunitazama mimi.

Nilimchukia ndugu yangu kwa ajili hiyo, na nilimpenda kuliko mtu yeyote. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana.

Tulipoota ndevu tulikwenda pamoja kukata boriti mikokoni, kwenye mdomo wa Ruvu. Ni kazi ya matopeni. Unazama mpaka mapajani, unakata mti, unautoa, unaubeba, na tope linakuvua nguo. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili na wazungu wakaja kutafuta askari, walitaka watu wanaojua tope. Hatukujua kwa nini. Tulijua baada ya meli na siku nyingi za kutapika, tulipofikishwa Burma, nchi ambayo mvua yake ikianza husahau kuacha. Kazi yetu ilikuwa kulaza magogo juu ya tope ili vifaru vipite.

Kifaru nilichokijua mimi ni yule mnyama wa upande wa Saadani mwenye pembe. Hiki cha jeshi kilikuwa chuma kitupu, kikubwa kuliko chumba cha mama mkubwa, kinakwenda kwa minyororo, kinanguruma mpaka meno yanacheza. Mbele kina kitundu cha dereva kuchungulia, na kitundu chenyewe kikijaa tope dereva haoni kitu. Juu kina kifuniko, na mkubwa wake husimama hapo, kichwa nje.

Mkubwa wa vifaru vitatu tulivyovilazia magogo alikuwa kijana, pua imembabuka kwa jua, ana kigugumizi kidogo hata katika lugha yake. Maofisa wengine walisema nasi kwa kupitia sajini. Huyu alitaka kusema mwenyewe. Alisema kama sisi tutakufa mbele ya kifaru chake, basi ni lazima ajue kutuuliza tunaumwa wapi. Nakumbuka alivyolisema neno hilo, na mpaka leo sina la kumlaumu.

Aliyemfundisha kwanza alikuwa mpishi wetu, mtu wa bara, mwenye Kiswahili cha kuvunja kuni. Alimfundisha aulize hivi: "Wewe iko umia?" Nilipomsikia yule ofisa akilitamka, nilicheka mpaka nikakaa chini. Sisi watu wa pwani tuna kiburi cha ulimi. Hatuna ng'ombe wala milima ya kujivunia, lakini mtu akikosea neno mbele yetu tunajiona masultani. Nilimwendea ofisa, na kwa Kiingereza changu cha kuombea maji nikamwambia kwamba hayo si maneno ya watu, kwamba mpishi anamfundisha maneno ya wapagazi, na kwamba mimi nimezaliwa Bagamoyo.

Nilimfundisha hujambo. Nilimwambia ukitaka kujua kama mtu ameumia, mwulize hujambo. Kama hakuumia atasema sijambo. Akaandika katika daftari lake dogo, akanipa sigara. Mpishi alikuwa pale anachambua mchele. Akasema, "Na akisema sijambo na iko na risasi tumboni?" Nikamwambia anyamaze, hayo ni mambo ya waungwana.

Asubuhi iliyofuata ofisa alipita mstarini akiuliza kila mtu. Hujambo? Sijambo, afande. Hujambo? Sijambo, afande. Akafika kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa anahara damu siku ya tatu. Hujambo? "Sijambo, afande, ila tumbo..." Ofisa alikwisha kupita. Amefurahi, anaandika. Tulibanwa na kicheko mstari mzima, na aliyecheka zaidi ni mimi, kwa kuwa mchezo ulikuwa wangu. Ikawa ndiyo burudani yetu ya kila asubuhi. Ndugu yangu tu hakucheka. Aliniambia, "Mwambie angoje. Mwambie baada ya sijambo angoje kidogo." Nikamwambia nitamwambia.

Sikumwambia. Hakuna sababu nitakayoitoa hapa ikawa na maana. Ilikuwa inachekesha.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye njia iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Mkono wa kulia ukuta wa udongo, mkono wa kushoto shimo. Njia ilikuwa na upana wa kifaru na shibiri moja ya ziada. Mbele, baada ya kona, kundi zima la askari wenzetu lilikuwa limenaswa bondeni na Wajapani wako juu yao, na tulikuwa tunawasikia. Sijui niseme vipi. Tulikuwa tunawasikia wakipungua. Vifaru visipofika, hakuna atakayebaki, na vifaru havifiki bila magogo.

Tulilaza magogo mbio mbio, watu kumi na wawili, hatukuinua vichwa. Kisha kombora likaanguka katikati yetu. Nilipofumbua macho, nilikuwa nimelala juu ya magogo, paja langu limefunguka. Ndugu yangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, amelala chali kati ya magogo mawili, kifua na mikono nje, safi kabisa, hana hata tone la damu. Kutoka kiunoni kushuka alikuwa ndani ya tope, na gogo moja lilikuwa limemlalia miguu humo chini ambamo hapaonekani. Wengine walikuwa wametawanyika njiani, wazima na wafu. Bombomu la Wajapani, ile bunduki ya kumimina risasi, likaanza kutusaga kutoka ng'ambo ya shimo.

Kifaru cha mbele kilisimama. Hakikuwa na mahali pa kupita ila juu yetu.

Hapo ndipo yule ofisa alipofungua kifuniko na kutoka. Nataka jambo hili lisomwe vizuri, kwa sababu nitasema mengine baadaye. Alitoka ndani ya chuma ambacho risasi haikipenyi, akaingia kwenye mvua ya risasi, kwa hiari yake, wala hakuna mtu aliyemwamuru. Angeweza kufunga kifuniko na kumwambia dereva twende. Wenzake wangefanya hivyo na wangesema walilazimika, na wasingekuwa waongo. Yeye alikuja kwa miguu, ameinama, akaanza kutuondoa njiani mmoja mmoja. Alimkamata wa kwanza mkanda akamburura hadi nyuma ya jiwe. Akarudi. Akambeba wa pili. Akarudi, na safari hiyo mkono wake mmoja ulikuwa unaning'inia, umepigwa. Akaja kwetu.

Alisimama kati yangu na ndugu yangu. Kigugumizi hakikuwapo. Alimtazama ndugu yangu, akapiga kelele juu ya mngurumo wa kifaru: "Hujambo?"

Ndugu yangu akamtazama usoni. Midomo yake ilikuwa imepauka kama siku ya mkorosho. Akajibu, kwa sauti ya mtu aliyelelewa, "Sijambo, afande."

Akatua pumzi moja.

Katika pumzi hiyo ofisa aligeuka. Mimi nilikuwa upande wa pili ninapiga kelele, "Nakufa! Mama yangu, nakufa!" na damu yangu ilikuwa inaonekana. Akanikamata mkanda kwa mkono wake mmoja mzima akanivuta. Nyuma yake nilimsikia ndugu yangu akisema, "Ila miguu, afande." Alisema wazi kabisa. Ofisa hakusikia, na hata angesikia, neno "ila" halikuwamo katika daftari lake. Nilisikia mimi. Mdomo wangu ulikuwa wazi muda wote ule, na ulikuwa na kazi yake. Niliendelea kusema nakufa.

Aliniweka nyuma ya jiwe. Akatazama kona, ambako sauti za wenzetu zilikuwa zimebaki chache. Akatazama njia mara moja, nusu mara, akawa na hakika kwamba aliyesema sijambo atajiondoa mwenyewe. Akapanda juu ya kifaru, akasimama kifunikoni kichwa nje kwa kuwa kitundu cha dereva kilikuwa kimejaa tope, akainua mkono, wakaenda. Macho yake yalikuwa mbele.

Ndugu yangu aliinua mkono wake pia. Aliuinua kama mtoto wa chuo anayeomba ruhusa ya kusema. Kifaru kilipita juu yake, na cha pili, na cha tatu.

Vilifika. Kundi lililobaki bondeni liliokolewa, na ofisa alipigana pale mpaka jioni kwa mkono mmoja, kichwa nje. Watu walioshuhudia walisema hawajaona moyo wa namna ile. Alipewa nishani, na kama mimi ndiye ningekuwa mfalme ningempa mbili.

Wiki ya tatu alikuja kunitazama hospitalini. Mkono umefungwa, amekonda, macho yamezama. Alisimama kando ya kitanda. "Hujambo?" Nikajibu sijambo. Akakaa. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili nilichomfundisha na Kiingereza cha polepole, ili nielewe. Ndugu yako. Mimi nilisema hujambo. Yeye alisema sijambo. Kwa nini hakuondoka?

Aliuliza kama mtu anayejua kwamba jibu litamwua na analitaka hivyo hivyo. Nilikuwa na jibu. Ningemwambia sijambo kwetu ni hodi tu, afande, ulipaswa kungoja mlango ufunguliwe. Ningemwambia nilijua na sikukufundisha, kwa kuwa ulikuwa unatuchekesha. Badala yake nikasema, "Aliogopa, afande. Mwili ulikufa ganzi kwa woga."

Wenye huruma watasema nilimhurumia mzungu wa watu. Uongo. Nilijihurumia mimi. Aliinamisha kichwa, kisha akaandika katika lile daftari.

Nilirudi Bagamoyo vita vilipokwisha, mguu mmoja mfupi. Matanga yalikwisha kufanywa zamani bila maiti. Mama mkubwa alinipokea mlangoni, nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza hujambo, nikasema sijambo. Kwa mara ya kwanza mbele yake nilijibu vizuri, na alilia kwa hilo. Hakuuliza mengi. Aliuliza kifaru kikoje, nikamweleza. Akauliza, "Kina macho?" Nikamwambia hakina macho, kina kitundu. Akaona ajabu, akawaeleza majirani.

Baada ya miezi ikaja barua. Yule ofisa, Mungu ampe anachostahili, alikuwa ameandika kwa mama wa askari aliyefia mbele ya kifaru chake. Barua ilipitia bomani, ikaletwa kwenye baraza ya liwali, na karani akaisoma kwa sauti mbele ya watu waliojaa kwa kesi zao, akiitia Kiswahili palepale. Ilikuwa barua ya mtu mwema. Ilisema mwanao alikuwa mfanyakazi hodari. Ilisema saa ile alishikwa na woga akashindwa kuondoka njiani, na kwamba hata watu hodari hushikwa, na kwamba yeye mwenyewe hamlaumu, na mama asimwonee haya.

Karani alilisoma neno woga mara mbili, mara ya pili ili apate hakika ya mwandiko.

Mama mkubwa alikuwa amesimama kati ya wanawake. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Ndivyo?" akauliza. Watu wote walinigeukia. Nikasema, "Ndivyo, mama."

Mji wetu ni mdogo, na una adabu nyingi za mdomoni. Hakuna aliyemwambia neno usoni. Walimwamkia kama kawaida. Lakini kwenye arusi ya mwezi ule wanawake wa ngoma walitoa wimbo mpya, na kiitikio chake kilikuwa: "Waungwana pisha njia, kifaru hakina macho." Neno lake mwenyewe, la macho, walimrudishia kwa ngoma. Yeye alikuwa ameketi palepale ana sahani ya pilau mapajani. Alimaliza pilau. Hakwenda arusini tena, na ile habari ya mkono uliovunjika hakuisimulia tena kwa mtu yeyote. Akawa anakaa ndani anasuka ukili wa mikeka, na watoto wakipita nje wanaimba bila kujua wanamwimba nani.

Nilioa, nikapata kazi ya kupanga boriti forodhani. Kila asubuhi nilipita kwake kumwamkia. Miaka sita nilimwamkia hivyo. Ningeweza kulisafisha jina la mwanawe siku yoyote kati ya hizo, kabla ya kazi, kwa maneno machache kuliko ninayoandika hapa.

Asubuhi moja nilisimama nje nikasema shikamoo, mama. Marahaba. Hujambo? "Sijambo," akajibu kutoka ndani. Nikasimama. Hakuna mtu wa kwetu ambaye asingesimama. Kulikuwa na pumzi ile, na baada yake ikaja: "Ila nimeungua, mwanangu, siwezi kuinuka."

Sufuria ya uji ilikuwa imempindukia mguuni tangu alfajiri. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, ngozi ya muundi imebambuka. Nilichota maji ya mtungini nikawa nauosha ule mguu. Ulikuwa mguu wa ndugu yangu kabisa, kifundo kilekile, vidole vilevile vilivyoachana. Nikaanza kusema. Sikuamua. Nilimwambia kila kitu kama nilivyokiandika hapa, kuanzia mpishi wa bara.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Alisema afande?"

"Alisema. Alisema sijambo, afande."

"Akatua?"

"Akatua, mama."

"Na ila aliisema?"

"Aliisema. Mzungu alikwisha kugeuka."

Akafumba macho, na wallahi niliona fahari usoni mwake, ile ya siku ya wageni wanne na bibi wa Kiarabu. Iliniogopesha kuliko kilio. Kisha ikaondoka, polepole, nikaona amelifikia lile nililokuwa nalingoja: nani aliyemfundisha mtoto yule, na kwa vidole gani. Aliitazama mikono yake.

"Na wewe," akasema, "ulisema nini pale chini?"

"Nilisema nakufa."

"Na hukufa."

Akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwangu. Akaniambia niende nikawaambie watu.

Nilikwenda. Ijumaa, watu wanatoka msikitini, nilisimama nje nikasema yote, pamoja na yangu. Walinisikiliza kwa heshima. Mzee mmoja akasema, inna lillahi. Mwingine, fundi cherehani, akauliza, "Kwa hiyo si woga, ni adabu ndiyo iliyomwua?" Watu wakajizuia, wakashindwa, wakacheka. Arusi iliyofuata wimbo ulikuwa na ubeti mpya: "Sijambo si jibu jema, kifaru hakina macho." Ulipendwa kuliko wa kwanza.

Tangu siku ile mama mkubwa hakuniitikia. Nilipita kila asubuhi nikasema shikamoo, na aliendelea kusuka. Akipita mtoto wa jirani, shikamoo bibi, anaitika marahaba kwa sauti nzuri, mimi nimesimama papo hapo. Kwetu mtu anaweza kukutukana na bado mkala pamoja. Lakini kunyimwa marahaba ni kuambiwa kwamba hukuzaliwa. Miaka minne nilisema shikamoo kwenye mlango ule, na kila siku nilibaki nayo mkononi.

Kisha akaugua. Wanawake wa mtaani walikuwa wamemzunguka, wamemgeuza kibla. Niliingia, nikapiga magoti karibu na kitanda. Sikuthubutu kusema shikamoo. Nikasema, "Hujambo, mama?"

Alifumbua macho. Alinijua. Akasema, "Sijambo."

Wanawake wakamshukuru Mungu, mmoja akanigusa bega nitoke, nimekwisha kujibiwa, nini tena. Sikutoka. Mimi najua kinachofuata baada ya sijambo. Nilikaa palepale kwa magoti yangu, na ule mguu mfupi, macho yangu kwenye mdomo wake. Adhuhuri ikaadhiniwa, ikapita. Alasiri ikaadhiniwa. Pumzi zake zikawa chache, na kila moja niliingoja mpaka mwisho wake.

Alikata roho kabla ya magharibi. Watu huniuliza mpaka leo kama alinisamehe. Nawaambia alisema sijambo.